Kijitabu cha Tatu cha Mwalimu

Nina chumba kimoja cha kupanga pale Ikungi, upande wa barabara inayokwenda Sepuka, na humo nachapa maandishi ya watu wengine. Barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao, kadi za michango ya harusi, mitihani ya shule za msingi, ratiba za mazishi. Kazi hii inamzoesha mtu kutosoma. Macho yanaona herufi, vidole vinafuata, na ukurasa ukiisha ukiulizwa ulihusu nini huna jibu. Wakati ule nilijivunia jambo hilo. Watu waliniletea talaka na hati za kugawana mashamba ya baba zao bila wasiwasi, wakijua siri zao zitabaki salama kwangu. Kusema kweli sikuzitunza. Nilikuwa sizijui.

Mwalimu alinifundisha hisabati darasa la sita na la saba. Alikuwa mtu wa rula na bikari, mwenye kuchora duara ubaoni kwa mkono mtupu likatoka kama limepimwa. Alipostaafu alirudi kijijini kwake, mwendo wa saa moja hivi kwa baiskeli kutoka dukani kwangu, na kwa miaka kadhaa sikumwona. Siku aliyoingia na daftari nne kubwa za jalada gumu nilisimama kama bado niko darasani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Bado unaandika tano kama S?"

"Siku hizi kompyuta inaniandikia, Mwalimu."

Hakucheka. Alirudisha mlango nusu, akakaa, akaweka daftari mezani na kuzipanga mpaka kingo zake zikalingana. Akaniambia ni kazi ya miaka mitatu, anataka iwe kitabu, na kwamba amekuja kwangu kwa sababu mjini Singida hamwamini mtu.

Daftari hizo zilihusu chama cha siri. Mwalimu hakukipa jina. Aliandika tu "Chama", kwa herufi kubwa mwanzoni. Kwa maelezo yake Chama kilikuwapo tangu zamani sana, kilikuwa na ngazi nyingi, na wakubwa wake hawajulikani hata na wanachama wa ngazi za chini. Utajiri wote wa ghafla ulitoka huko. Vifo vyote vya ghafla pia. Lakini Chama kilikuwa na sheria moja ambayo hakiwezi kuivunja: lazima kiweke alama zake hadharani, mbele ya macho ya watu, kwa sababu mtu asiyekataa alama anahesabika amekubali. Kwa hiyo Mwalimu alizitafuta. Alizipata kwenye karatasi za sabuni, kwenye vifuniko vya soda, kwenye maboksi ya viberiti, kwenye vidole vya bwana harusi aliyepigwa picha akiwa ameshika koti. Aligeuza majina kuwa namba, akajumlisha, akagawanya, na mara nyingi jibu lilikuwa kumi na tatu. Likikataa kuwa kumi na tatu aliondoa irabu.

Nilichapa yote. Michoro niliiskani kwa sababu ilikuwa mizuri mno kuchorwa upya. Tukagawa kazi ile katika vijitabu viwili, cha kwanza kuhusu dunia na cha pili kuhusu nchi, nikavibana kwa stepla, naye akavifunga nyuma ya baiskeli akaenda kuviuza mnadani.

Vilinunuliwa. Hilo lilinishangaza kuliko yaliyoandikwa ndani. Wauza mbuzi walinunua, wauguzi walinunua, muumini mmoja wa msikiti na mzee mmoja wa kanisa walikuja dukani siku moja, kila mmoja akitaka nakala zaidi za kugawia wenzake. Watu walisimama barazani kwangu wakigeuza noti juu chini kutafuta alama ya jicho. Mimi nilikuwa nimekaa ndani nikichapa ratiba ya kipaimara.

Siku moja, tukingoja wino ukauke, nilimuuliza Mwalimu alianzaje. Nilitegemea jibu la kisomi. Akaniuliza kama namkumbuka kijana wake wa pili.

Nilimkumbuka. Alikuwa mbele yangu madarasa mawili. Alikwenda Dar es Salaam akafungua duka la vipuri vya magari, likakua haraka, akamjengea baba yake nyumba ya bati la rangi pale kijijini. Kisha akafa barabarani, gari lake na lori, mchana kweupe.

"Msibani kwangu," Mwalimu akasema, "nilikwenda nyuma ya nyumba kuchukua maji. Kinamama walikuwa wanapika. Mmoja akasema, si alijiunga, sasa wamemchukua. Mwingine akasema, na nyumba hii je, baba mtu atalalaje humo? Hawakuniona."

"Ukafanyaje?"

"Nikachukua maji."

Alifuta miwani yake kwa ncha ya shati. Akasema mwanawe hakuwa mtu mbaya. Kama alinaswa, basi alinaswa kwa kutojua, na kama alinaswa kwa kutojua, lazima kuwe na namna ya kujua. Hayo aliyasema kwa sauti ile ile aliyotumia zamani kutueleza kwa nini pembe za ndani za pembetatu zinajumlishwa kuwa nyuzi mia na themanini. Nikagusa karatasi ya juu kwa kidole. Nikamwambia wino umekauka.

Kijitabu cha tatu alikileta msimu wa mavuno ya alizeti. Kilihusu alama zilizo miongoni mwetu, yaani Ikungi na vijiji vyake. Nilikichapa kwa siku mbili huku nikiwa na kazi za shule mbili zilizochelewesha mitihani. Kama kawaida yangu, sikusoma.

Hapa lazima nimweleze mama wa mashine. Alikuwa mjane wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyeanza kwa kuuza maandazi stendi na miaka ilivyokwenda akafungua mashine ya kukamulia alizeti karibu na kisima cha pampu. Wakulima walimletea magunia, yeye akakamua, wao wakaondoka na mafuta, na mashudu wakayapeleka kwa kuku. Baadaye alianza kuuza mafuta yake mwenyewe kwenye chupa, na alipohitaji lebo alikuja kwangu. Alitaka ua la alizeti. Sijui kuchora. Nikamtengenezea kitu kwa maumbo yaliyomo ndani ya programu ya kuandikia: pembetatu badala ya paa la mashine, ndani yake duara badala ya ua, na katikati ya duara doti nyeusi badala ya mbegu. Kuzunguka duara nikaweka vijistari vya njano viwe petali. Alipenda. Alisema inafanana na jua linalochungulia.

Wiki moja baada ya kijitabu cha tatu kutoka, aliingia dukani akiwa na chupa tupu mkononi. Nikamwamkia, akaitika, akaisimamisha chupa mezani, lebo ikiwa upande wangu.

"Hii alama ulinichorea wewe," akasema.

"Ndiyo mama."

"Ina maana gani?"

Nikamwambia ni paa na ua. Akatikisa kichwa.

"Niambie tu mwanangu. Sitakasirika. Kama kuna mtu alikupa uiweke, niambie nijue."

Hapo ndipo akanisimulia. Magunia yalikuwa yamepungua tangu Jumatatu. Wanawake waliozoea kuja kwake walikuwa wanapanda lori wakapeleke alizeti kwenye mashine ya Sepuka. Dukani watu waliendelea kununua mafuta yake lakini walibandua lebo pale pale kaunta, wakaitupa chini, wakaondoka na chupa; mafuta yenyewe hawakuyaona kuwa na kosa. Jirani yake alimwaga chumvi kwenye mpaka wa viwanja vyao. Na kuhusu mfanyakazi wake, aliyekatwa vidole viwili na mkanda wa mashine mwezi wa nne, sasa ilisemekana vidole vile vilitolewa kafara.

"Nimelala nikiwaza," akasema. "Nikajiuliza, labda kweli. Labda nimeweka kitu nisichokijua, na yule baba wa watoto watatu amepoteza vidole kwa ajili yangu."

Kijitabu kilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, nakala kama ishirini. Nikachukua moja, nikafungua, na kwa mara ya kwanza nikasoma nilichokichapa. Ukurasa wa kumi na moja. Mwalimu alikuwa ameichora lebo yangu upya kwa rula, kubwa, safi kuliko nilivyoichora mimi, na mishale ikionyesha jicho, ngazi za Chama na miale. Alihesabu vile vijistari vya njano. Vilikuwa kumi na vitatu. Sikuwahi kuvihesabu, niliweka mpaka duara likajaa. Chini yake aliandika kwamba mwenye mashine hii, iliyokua haraka, ameshatoa sehemu ya mwili wa mtu, na kwamba kinachofuata huwa ni mtu mzima.

Nikavuta kiti, nikamkalisha mama wa mashine mbele ya kompyuta. Nikamwonyesha mahali pa maumbo. Hapa kuna pembetatu, hapa duara, hapa mshale, hapa moyo, hapa wingu. Nikamshika mkono juu ya kipanya akabonyeza mwenyewe. Pembetatu ikatokea. Akabonyeza tena, ikatokea nyingine juu ya ile ya kwanza. Akatengeneza pembetatu tano, akaziangalia muda mrefu.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, mama."

Alishusha pumzi. Kisha akageuka, akaona kijitabu mkononi mwangu, akaona na vingine kwenye rafu.

"Na hiki ulikichapa wewe?"

"Ndiyo."

"Vidole hivyo hivyo?"

Nikakirudisha kijitabu kwenye rafu. Akachukua chupa yake. Mlangoni akasema, bila ukali wowote, "Basi na watu uwaambie ni hivi tu."

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu kwa bodaboda. Nyumba ya bati la rangi ilikuwa imefungwa, madirisha yamezibwa na vumbi. Yeye aliishi kwenye nyumba ya zamani ya udongo pembeni yake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani akipanga vifuniko vya soda kwa makundi. Tulisalimiana. Nikamweleza kila kitu: kwamba lebo ni yangu, kwamba sijui kuchora, kwamba vile vijistari niliviweka bila kuhesabu.

Alisikiliza vizuri. Alikuwa msikilizaji mzuri tangu zamani, hata mtoto aliyekosea alimwacha amalize.

"Wewe uliiweka pembetatu," akasema. "Sawa. Ndani ya ile kompyuta aliiweka nani?"

"Waliotengeneza programu."

"Ni nani hao? Unawajua?"

"Siwajui."

"Na kati ya maumbo yote, mkono wako ulikwenda kwenye lile. Hukujiuliza."

"Mwalimu, pembetatu ulinifundisha wewe."

Nilidhani hilo lingemkwamisha. Aliweka chini kifuniko alichokuwa ameshika, akafikiri kwa uaminifu kabisa.

"Ni kweli," akasema. "Nimelifikiria hilo pia. Sisi tulipewa mtaala. Hatukuuliza ulitungwa na nani." Akaitazama mikono yake. "Huenda miaka thelathini nimewafanyia kazi bila kujua."

Huwezi kubishana na mtu aliyekwisha kujishtaki mwenyewe. Nilimwambia yule mama hapati usingizi. Kwa mara ya kwanza alionekana kusumbuka. Akasema hakuandika jina lake. Nikamuuliza, Ikungi ina mashine ngapi zenye mfanyakazi aliyekatwa vidole? Akaanza kupanga vifuniko upya. Nikataka kumkumbusha habari ya kinamama nyuma ya nyumba yake, siku ya maji. Neno lilifika mdomoni nikalirudisha. Alikuwa mwalimu wangu, na mkeka ulikuwa wake.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano, baada ya mtu kuchora pembetatu kwa mkaa kwenye ukuta wa mashine. Tulikutana uwanja wa ofisi ya kijiji, asubuhi yenye upepo mkali, kinamama wakishika khanga zao, kila mzungumzaji akilazimika kupaza sauti. Mwalimu alikaa mbele na begi lake. Mama wa mashine alikaa upande wa wanawake, na pande zake zote mbili palikuwa na nafasi tupu.

Nikaitwa. Nikasema lebo nimeitengeneza mimi, kwa kompyuta, na maana yake ni paa na ua. Sauti ikatoka nyuma, "Na wewe nani alikutuma?" Watu wakacheka. Nikasema hakuna. Nikasema pia kijitabu nimekichapa mimi, bila kukisoma, na kwamba ningekisoma nisingekichapa. Hilo la mwisho sina uhakika nalo hata leo, lakini nililisema.

Aliyesaidia ni mfanyakazi mwenyewe. Alisimama bila kuitwa, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, akanyanyua mkono wenye vidole vitatu ili wote waone.

"Ule mkanda una kifuniko," akasema. "Kilikuwa kinapiga kelele, nikakitoa. Mama akanikataza, nikamwambia nitakirudisha. Sikukirudisha. Siku ile simu ikaita, nikaichukua kwa mkono wa kulia, huu wa kushoto nikaupeleka bila kuangalia. Aliyepiga ni shemeji yangu. Sasa kama kuna chama, basi ni shemeji yangu."

Watu walicheka tena, safari hii kicheko kingine. Mwalimu hakucheka, lakini alikuwa anaandika. Mwenyekiti akamuuliza kama yuko tayari kusema amekosea. Akasimama, akajibu kwa heshima kwamba hawezi kusema amekosea kwa sababu hajui bado, ila hakukusudia kumwumiza mama huyu, na kwamba anamwomba radhi kwa usingizi wake. Nakumbuka maneno hayo kwa sababu yalikuwa ya ajabu: kwa usingizi wake. Mama wa mashine akaitika kwa kichwa, mara moja.

Ikaamuliwa ukurasa wa kumi na moja ufutwe. Nikapewa kazi hiyo. Kwenye nakala zilizobaki nilipaka kalamu nyeusi mstari kwa mstari, na mchoro wote nikaufunika. Matokeo yake nakala hizo ziligombaniwa. Watu waliziinua juani kusoma yaliyo chini ya wino, na wasioweza kusoma walikisia mambo mabaya kuliko yaliyokuwapo. Hilo hakuna aliyelifikiria mkutanoni, mimi nikiwa mmojawapo.

Mama wa mashine aliondoa alama kwenye chupa. Lebo yake mpya iliandikwa ALIZETI, basi, na aliichapisha mjini Singida. Magunia yalirudi msimu uliofuata. Ningependa kusema yalirudi kwa sababu watu walielewa, lakini mashine ya Sepuka iliharibika rola mwanzoni kabisa mwa mavuno, na vipuri vilichelewa. Wanawake walewale walipanga foleni kwake, wakamwamkia, wakaulizia watoto. Alikamua alizeti ya wote. Chumvi ya jirani ilikwisha kusombwa na mvua.

Mwalimu alileta kijitabu cha nne. Nilikaa nacho siku moja, nikakisoma chote, nikamrudishia. Kilikuwa kinahusu visima. Nilimwambia sitaweza. Hakuuliza sababu wala hakukasirika. Aliniuliza tu kama kulikuwa na makosa ya tahajia, nikamwonyesha matatu, akayasahihisha kwa penseli pale pale. Nadhani alipata mchapaji mwingine, maana niliona nakala yake huko Kintinku nilipokwenda kwenye harusi, mikononi mwa mtu aliyekuwa akingoja treni. Sasa macho yake yamefifia na haendeshi tena baiskeli. Tukikutana zahanati ananitambua kwa sauti. Tunaongea Kinyaturu, juu ya mvua, juu ya bei ya mtama. Ya Chama hayataji, nami simuulizi.

Kuhusu mama wa mashine, kwa miaka miwili hakukanyaga dukani kwangu. Tulisalimiana njiani vizuri, lakini fotokopi zake alipeleka kwingine. Halafu mwaka jana, siku ya kawaida kabisa, aliingia na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: mjukuu wake anaomba nafasi chuo cha ufundi, barua inatakiwa iwe ya kuchapwa. Nikachapa. Nilipotaka kubonyeza printa akanyanyua mkono.

"Soma kwanza. Kwa sauti."

Nikasoma barua nzima, anwani, salamu, sababu za kuomba, mpaka jina la chini.

"Rudia hapo katikati."

Nikarudia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikifuata maneno yangu. Nilipomaliza akafungua pochi yake akatoa miwani, akasogea, akaisoma mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta kuanzia juu.

"Haya," akasema. "Chapa."